Siku Nilipoitaja Kadarka

Walisema sitafika Dar es Salaam. Mjomba wangu wa Maretadu, kaka yake mama, alilisema hilo mbele ya watu waliokuja kupukuchua mahindi nyumbani kwetu, akacheka mpaka akakohoa. Nilipofika Dar, walisema madaktari watanikataa kwa sababu ya kifua. Nilipopanda ndege, walisema baridi ya Ulaya itaniua kabla ya Krismasi. Niliporudi mzima, nimenenepa, nina koti la sufu na diploma ndani ya bahasha ngumu, walikosa la kusema kwa muda. Kisha wakalipata. Walisema diploma ni ya uongo.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya watoto na wajukuu zao, kwa kuwa wao wenyewe kusoma hakukuwahi kuwapendeza.

Serikali ilinilipia ndege na chuo. Haikunilipia viatu, wala sanduku, wala miezi niliyolala Dar kwa watu nikisubiri pasipoti. Kwa hayo nilikopa. Mjomba alitoa maksai mmoja, tukamuuza mnadani. Mwenye duka mmoja wa Dongobesh alinipa sanduku, viatu na nauli, na kila nilichopewa alikitangaza kwa wateja wake kabla sijatoka mlangoni. Wa tatu alikuwa mzee mfugaji wa Gehandu, rafiki wa marehemu baba yangu. Yeye alinipa mtamba mwekundu, akaniuliza swali moja tu.

"Huko unakokwenda kuna ng'ombe?"

"Wapo, mzee."

"Basi utaishi."

Huko Ulaya nilipelekwa Hungaria, na barua yangu ilisema nimekuja kusomea kilimo. Wakaangalia nafasi zilizobaki, wakaniweka kwenye mizabibu. Sikulalamika. Nilikuwa mwana wa watu wa mlimani, tumezaliwa na jembe mkononi, na mti ni mti. Wenzangu wa Kiafrika waliowekwa kwenye viwanda walinicheka kwamba nimepelekwa kuchuma matunda. Wengi wao walirudi kwao bila cheti. Mimi nilishika nafasi ya juu darasani, juu ya wenyeji waliozaliwa chini ya mizabibu hiyo hiyo, na mwalimu wetu aliwaambia hivyo usoni.

Huko nako kulikuwa na mashamba ya serikali, makubwa, yenye matrekta na wanyapara, na ndiko tulikofanyia kazi za mikono. Wakati wangu walikuwa wanang'oa aina moja ya zamani ya mzabibu wa zabibu nyekundu, unaoitwa Kadarka. Ulikuwa mti wa taabu. Ngozi ya zabibu zake ni nyembamba, mvua ikinyesha siku mbili wakati wa kuvuna kichala kinaoza kuanzia katikati, na mashine haiwezi kuutumikia. Mnyapara wa mistari yetu, mwanamke mwenye mikono mikubwa kuliko yangu, akikuta umeweka kichala kibovu ndani ya ndoo alikurushia hicho kichwani. Nilirushiwa mara nyingi. Hivyo niliijua Kadarka kwa vidole, kwa pua na kwa nywele. Divai yake ni nyepesi kwa rangi, ina uchachu wa plamu isiyoiva, pilipili kidogo nyuma ya ulimi, na harufu ya majani yaliyolowa. Hata kule, wenye kuifahamu kwa kuonja tu walikuwa wanazidi kupungua. Mimi niliifahamu.

Nilirudi nikapangiwa kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huko Hanang, mahali ambapo huwezi kuona mzabibu hata ukipanda juu ya trekta. Diploma yangu ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya huko, na hapakuwa na mtu wa kuisoma. Afisa utumishi, mtu mfupi aliyetembea na kalamu tatu mfukoni, aliishika akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii inaweza kuwa cheti cha ubatizo," alisema.

"Ni diploma ya kilimo cha zabibu, afisa."

"Zabibu!" Akawaita makarani wawili waje waone. "Jamani, huyu amesomea miti ya kwenye Biblia. Tumpeleke kwa padri au tumpeleke ghala?"

Walinipeleka ghala. Niligawa magunia na mabomba ya dawa, na nililipwa kama kijana aliyemaliza kidato cha nne, mpaka hapo diploma itakapothibitishwa. Kuithibitisha kulihitaji wizara, na wizara haikujibu. Kwa mshahara ule nilikula na kuvaa, basi. Kulipa maksai, duka na mtamba kulikuwa ndoto.

Na mjomba alikuwa ameshajilipa kwa namna yake. Nikiwa bado Ulaya alikwenda zizini kwa mama, akamfungua ng'ombe wa maziwa, aliyekuwa mmoja tu, akamwambia dada yake: "Huyu atakaa kwangu mpaka Mzungu wako arudi." Nilirudi, na ng'ombe hakurudi. Mama alikunywa chai ya rangi mwaka hata mwaka, na kila alipopita nyuma ya boma la kaka yake alisikia maziwa yakigonga kibuyu. Nilipokwenda kumwomba, mjomba alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaagiza niletewe kikombe cha maziwa ya ng'ombe yule yule.

"Kunywa, mpwa wangu," alisema. "Haya ni ya mama yako."

Nilikunywa. Nilimaliza kikombe chote huku nikimtazama machoni.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kulikuwa na mtaalamu wa ngano, mzungu, aliyekaa kwenye nyumba za wageni pale shambani. Alikuwa na ugonjwa wa divai. Kila mavuno yakiisha aliwaalika wakubwa barazani kwake Jumamosi mchana, akaziingiza chupa ndani ya soksi zake za mabuti ya mvua ili mtu asione karatasi ya jina, akamimina ndani ya vikombe vya bati. Glasi aliziogopa, alisema rangi inamdanganya mwonjaji. Watu wakaonja, wakatema kwenye ndoo, wakabahatisha nchi na aina ya zabibu, wakacheka. Mwaka ule alikuwa ametoka likizo, na njiani alipitia kule kule nilikosomea. Alirudi na chupa.

Afisa utumishi alipopata habari hiyo alikwenda moja kwa moja kwa meneja. Nilikuwa dirishani nikisubiri sahihi ya magunia, nikamsikia kwa masikio yangu.

"Mzee, yule wa ghala tumpime. Kama kweli alisomea divai, ataijua ya huko. Akikosa, mimi nalifunga faili lake. Amedanganya serikali, na aende akalime kwao."

"Na akipata?" meneja aliuliza.

Afisa alicheka. "Akipata, mzee, mpe cheo cha diploma na malimbikizo yake yote. Nitaandika mwenyewe kwa mkono wangu."

"Haya," alisema meneja. "Nimesikia, na wewe umejisikia."

Jumamosi ile nilivaa shati jeupe, jipya, nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya siku ya cheo. Getini nilimkuta yule mzee wa Gehandu amekaa chini kwenye kivuli cha tela, shuka lake jeusi begani, fimbo mapajani. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye ngano na walinzi walikuwa wamewashika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtoto wa rafiki yangu. Wewe ni mtu wa humu ndani. Nisemee. Njia ya kwenda majini imelimwa yote, ng'ombe wapite wapi, hewani?"

"Mzee, leo nina shughuli kubwa. Nisubiri."

Hakunisubiri getini. Alinifuata nyuma polepole, na nilipopanda barazani yeye alikaa kwenye ngazi ya mwisho, mlinzi asijue amfukuze au amwache. Mtaalamu alimwona akasema aachwe, mzee hana ubaya. Alipenda kuwapiga picha wazee wenye mashuka.

Tulianza. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Ufaransa, nikakitaja. Cha pili kilikuwa cha Dodoma, na hicho hata mbuzi angekitaja, lakini meneja alikiita cha Italia na watu wakamheshimu wakanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilisema ni Dodoma, na mtaalamu akavua soksi, ikawa Dodoma. Meneja alinitazama kwa jicho la pembeni. Kila baada ya kuonja nilitema kwenye ndoo kama nilivyofundishwa, mkondo mwembamba, bila kudondosha hata tone. Afisa utumishi alikataa kutema. Alimeza kila kitu, akisema kinachoingia kwake hakitoki, na kufikia kikombe cha nne alikuwa ameanza kuniita "Bwana Zabibu" kwa sauti ya kusikika mpaka karakana.

Kikaja kikombe cha mwisho.

"Hiki," mtaalamu alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "ni cha wewe peke yako. Nchi unajua, mimi sifichi. Wewe sema zabibu gani."

"Aina za kule ni nyingi," alidakia afisa. "Aseme moja tu. Asije akatuhesabia zote kama rozari."

Nilinusa. Nilionja. Na hapa nitasema ukweli kwa sababu sina wa kumwogopa: nilikuwa na majina mawili mdomoni. Kadarka ni moja. La pili ni Kekfrankos, zabibu ambayo mashamba ya serikali kule yalikuwa yakiipanda badala yake, na chupa yoyote inayouzwa njiani uwezekano mkubwa ni ya hiyo. Zote zina uchachu, zote zina pilipili. Chupa ilikuwa imetikiswa safari nzima kutoka Ulaya hadi Hanang, nusu ya harufu imebaki njiani. Kinachozitenganisha zaidi ni rangi. Moja hukolea, nyingine ni nyepesi mpaka unaona kidole chako upande wa pili wa glasi. Nami nilikuwa nimeshika kikombe cha bati, cheusi ndani kwa kutu na chai.

"Bwana Zabibu amekwama," afisa alisema. "Mzee meneja, unaona jasho? Diploma inamtoka kwapani."

Wakacheka. Mtaalamu, ili kupoza mambo au kwa kutaka picha, alimimina divai ile ile kwenye kikombe kingine akampelekea mzee pale kwenye ngazi. Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ametutazama muda wote ule. Ameona watu wazima wamekaa kwa heshima, wanajaza kinywaji mdomoni, hawamezi, wanakitema. Kwa watu wake jambo hilo lina maana moja tu: mzee anapokutakia mema hujaza pombe ya asali mdomoni akakurushia mwilini, na maneno yake yanafuata. Labda alifikiri sisi tunaibariki ndoo kwa kukosa adabu ya kujua abarikiwe nani.

Aliinuka. Alijaza mdomo. Akaja mpaka mbele yangu, na kabla sijarudi nyuma alinimwagia yote kifuani, mnyunyizo mwembamba uliosambaa kuanzia kola hadi tumboni, kwenye shati langu jeupe.

"Maneno yako yasianguke chini," alisema. "Mtoto wa rafiki yangu, yasimame."

Baraza lilipasuka. Meneja alishika mbavu. Makarani walipigana makofi migongoni. Afisa utumishi aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni, machozi yanamtoka, akisema kwa shida, "Ametemewa! Mnaona, hata washenzi wanajua ni mwongo! Ametemewa!" Mtaalamu alipiga picha yake. Mzee alisimama katikati ya kicheko kile na kikombe mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, haelewi wanacheka nini. Sikumwambia. Hakuna aliyemwambia.

Mimi niliinama nikatazama shati langu.

Watu wote pale waliona uchafu. Ni mimi peke yangu niliyeona rangi. Divai ile ilikuwa imetua kwenye kitambaa cheupe kwenye mwanga wa saa nane, na haikuwa nzito. Haikuwa ya zambarau. Ilikuwa na wekundu mwepesi wa maji yaliyosuuzia nyama, na pembeni mwa madoa ilianza kuelekea kwenye rangi ya tofali. Kekfrankos ingenitia wino. Nilisogeza kola puani, nikanusa pale kitambaa kilipoanza kupata joto la mwili, na ile harufu ya majani yaliyolowa ikapanda, na mistari ya shamba lile, na kichala kilichooza kikinipasukia kichwani.

Niliwangoja wamalize kucheka. Nilitaka wamalize wote, na afisa arudi kwenye kiti chake.

"Kadarka," nilisema. "Zabibu ya zamani, ngozi nyembamba. Inaoza mvuani, mashine haiitaki, wanaing'oa. Hii imetoka vilima vya kusini, na imevunwa mwaka wa jua, la sivyo isingekuwa na pilipili hii."

Mtaalamu aliinua chupa. Alivua soksi taratibu, akatazama chupa, akatabasamu, akataka kuisoma. Nilimzuia.

"Samahani. Asome afisa utumishi. Yeye ndiye msomaji wa vyeti."

Meneja alimwashiria asome. Afisa alishika chupa kwa mikono yote miwili, ulimi mzito, akaanza kutafuta herufi. "Ka," alisema. "Ka-da." Nilimwacha ahangaike na jina lile. Aliposema lote, nilimwomba alirudie, kwa kuwa wale wa karakana hawakusikia vizuri. Akalirudia. Kisha nilimkumbusha, mbele ya meneja, kwamba aliahidi kuandika kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kalamu anazo tatu.

Meneja alifurahi sana siku ile. Alinipigapiga bega, akasema niombe chochote. Mzee alikuwa bado amesimama karibu na ngazi. Aliona meneja anacheka nami, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa. Ng'ombe wangu."

"Leo si siku yake, mzee," nilimjibu.

Nilimwambia meneja kwamba ninachoomba ni haki yangu tu. Mzee alikomboa ng'ombe wake kwa faini kama watu wengine.

Malimbikizo yalikuja baada ya masika, pamoja na cheo. Walinifanya mkuu wa kitengo cha mashamba ya upande wa Gehandu, mimi mwenye diploma ya miti ya kwenye Biblia, na afisa utumishi ndiye aliyeniletea funguo za nyumba. Nilimwambia aziweke mezani.

Siku ya kulipa niliichagua mwenyewe. Nilikodi lori, nikapakia maksai mmoja na mtamba mmoja niliowanunua mnadani. Dongobesh nililisimamisha mbele ya duka kukiwa na wateja wengi. Mwenye duka alitoka mbio.

"Karibu, bwana mkubwa! Nilikuwa nawaambia hawa kila siku, yule kijana ni mtu wa kulipa."

"Uliwaambia nimevaa viatu vyako Ulaya nzima," nilimwambia. "Vilitoboka kabla sijashuka ndege. Chukua chako." Nilimlipa juu ya meza yake, kisha nikavuka barabara nikanunua viatu kwenye duka la mpinzani wake, na nikarudi kupita mbele ya mlango wake nimevivaa.

Maretadu nilimkuta mjomba amekusanya wazee, maana habari ya lori ilifika kabla yangu. Nilimwamkia, kwa kuwa mama alikuwapo. Maksai alishushwa, mnene kuliko wake wa zamani, akaguswa, akakubaliwa mbele ya mashahidi.

"Sasa ng'ombe wa mama," nilisema.

"Atachukuliwa leo hii, mpwa wangu. Ni wa dada yangu."

"Na uzao wake."

Mjomba alitazama chini. Kwetu uzao huhesabiwa, na wazee wote pale walijua hivyo. Ndama walikuwa wamekuwa ng'ombe, na mmoja alikuwa ametolewa mahari ya mwanawe. Nilisema nitangoja. Tulikaa mpaka jua likaegemea, na wakwe wakafuatwa, na ng'ombe wa mahari akarudishwa akivutwa kwa kamba, mke wa kijana akilia nyuma yake. Mjomba aliniomba nimwachie huyo mmoja. Nilimwomba kikombe cha maziwa. Akanipa, nikampelekea mama, nikamwambia, "Kunywa. Haya ni ya kwako." Mama alikishika tu. Alisema, "Mwanangu, inatosha." Haikunitosha.

Gehandu nilifika jua likiwa limebaki kidogo. Mzee alikuwa nje ya boma lake, na mbele ya boma kulikuwa na ngano yangu, imekomaa, imefika mpaka kwenye miiba ya ua. Nilimshusha mtamba. Alikuwa mwekundu, nilimtafuta wa rangi ile ile. Mzee alimzunguka, akampapasa mgongo.

"Ni mzuri," alisema. "Na uzao?"

"Wako nilimuuza mnadani, mzee. Hakuzaa kwangu."

Aliacha kumpapasa. "Basi huyu mrudishe. Ukae naye. Nipe njia. Upana wa ng'ombe wawili tu, kutoka hapa mpaka majini. Wewe ndiye mkuu sasa, nimesikia."

"Nilikopa mtamba, mzee. Sikukopa njia."

Alinitazama kama alivyowatazama wale barazani, mmoja mmoja, ila safari hii nilikuwa peke yangu. Kisha alichukua kamba kutoka mkononi mwangu. Nilimwuliza kama tumemalizana, akasema tumemalizana. Jioni ile sikuwa na deni kwa mtu yeyote, kwetu Mbulu wala Hanang.

Alimpeleka mtamba kunywa maji. Kwa kupita katikati ni mwendo mfupi. Alizunguka kwa nje, akifuata ukingo wa ngano, na kila mtamba alipoinamisha kichwa kuelekea kwenye masuke mlinzi wangu alipiga filimbi. Nilisimama kando ya lori mpaka filimbi ikawa haisikiki tena.